Picha Kabla ya Jeneza

Pala, 12 Juni 2023

Mpendwa Chechi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, dada yangu, wewe na masista wenzako wote, na kwamba kile kikohozi cha Mama Mkuu kimepungua. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza kwa fujo mwaka huu. Wagema mpira wamejikalia vibarazani wanacheza karata, na Lissy wangu analalamika kwamba nguo zina harufu ya chura. Binti yetu Anju amehamishiwa wodi ya wazee huko Ayalandi. Anasema wana wao hawaji kuwatazama, kwa hiyo akimaliza zamu anakaa nao kidogo. Mifenesi imezaa mpaka mafenesi yanaanguka yenyewe, hakuna wa kuyala.

Kazi ipo, ila ni ya misiba tu. Harusi wamezichukua vijana wenye vile vindege vya kupigia picha kutoka angani. Mimi nimebakiziwa maiti. Wiki iliyopita nilikuwa kwa Pothen, yule wa duka la mbolea. Jeneza liko sebuleni, wafiwa wamelizunguka, mimi niko juu ya kiti nawapanga kama kawaida: mkwe mkubwa sogea kichwani, wewe mwenye mtoto piga magoti, wewe usicheke. Mwanawe wa Kuwait hakuwahi ndege. Itabidi nimbandike pichani baadaye. Kamera ile nzito imeniua shingo, nikishuka kwenye kiti nashuka kama mzee. Nimechoka, Chechi, nimechoka hoi.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa nimezianika picha za kwa Pothen mezani, Ammachi akaja na mkongojo wake, akazitazama moja moja.

“Siku yangu mimi,” akasema, “Thresiamma atasimama wapi?”

“Ammachi, si unajua masista wa ndani kama Chechi hawatoki hata kwa maziko.”

“Kwa hiyo utambandika.”

Akanipiga na mkongojo mguuni, si kwa nguvu.

“Usithubutu! Nimekaa na baba yako chumba cha giza ujana wangu wote, waliobandikwa nawajua. Wanaangalia pembeni kama wageni waliokosea nyumba. Mimi na binti yangu tupigwe pamoja, nikiwa hai. Hiyo ndiyo picha yangu ya jeneza. Ile nyingine mtapiga mnavyotaka, mimi sitakuwepo kuiona.”

Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Akila uji ni picha, akisali rozari ni picha. Kwa hiyo nakuomba umuulize Mama Mkuu. Tutapanda huko milimani kwa gari, tutakaa upande wetu wa wavu wa chuma katika chumba cha maongezi, wewe upande wako, nami nitapiga moja tu. Ammachi hajambo, ni miguu tu inayomsumbua.

Mdogo wako,
Varkey


Monasteri, 21 Julai 2023

Varkey mpendwa,

Amani ya Kristo iwe nawe. Barua yako ilifika ikiwa imelowa, nikaianika dirishani kama zile nguo za Lissy. Mwambie aweke majani ya mchaichai kabatini, ndivyo tunavyofanya sisi. Tumemaliza sikukuu ya Mama wa Karmeli, kanisa lilijaa watu wa mashamba ya chai, na Sista Benigna, yule anayeshughulikia mambo ya nje, alipika wali wa nazi ukaungua, tukala tukimshukuru Mungu. Kikohozi cha Mama Mkuu kimekwisha. Mimi ni mzima. Mwambie Anju nawaombea wazee wake.

Nilimwuliza Mama Mkuu. Alifikiri tangu sala ya asubuhi mpaka ya jioni, kisha akakubali, kwa masharti. Pasiwe na mwanga wa kumulika, kwa sababu chumba cha maongezi kimepakana na kanisa na daima kuna sista anayeabudu. Pasiwe na kelele. Ile kamera yako ya jubilei ya Sista Skolastika bado anaikumbuka. Alisema ilikuwa kama mtu anakata mbao. Na asionekane sista mwingine.

Sijui kama jambo hili linawezekana. Chumba chenyewe ni cheusi, kina dirisha dogo na taa moja dhaifu. Usijisumbue kununua kitu kwa ajili yangu. Na usimlete Ammachi mvua ikiwa bado inanyesha, barabara za huku zinateleza. Tusiwe na haraka.

Umeandika kwamba ni miguu tu. Wewe tangu utotoni ukificha kitu unaandika sentensi fupi.

Dada yako katika Kristo,
Sista Perpetua


Pala, 28 Agosti 2023

Mpendwa Chechi,

Tumsifu Yesu Kristo. Kesho ni sikukuu ya Onam, Lissy yuko jikoni tangu alfajiri, amenifukuza mara mbili kwa kuonja uji wake mtamu wa payasam. Mchaichai umesaidia. Ammachi anakusalimu, anasema uendelee kula. Ni mzima.

Nimeshanunua kamera. Nilikwenda Kochi kwa basi, nikaingia duka kubwa lenye baridi kama jokofu, kijana wa mauzo akanitazama kuanzia ndala mpaka mvi.

“Chetta, kaka, unatafuta ya mjukuu?”

“Natafuta yangu. Isiyopiga kelele, inayoona gizani, na isiyonivunja shingo.”

“Ah! Hizi zisizo na kioo ndani. Hii hapa ya juu kabisa…”

“Nipe ya chini kabisa.”

Akacheka, meno nje. “Ya chini katika hizi zenye moyo mpana, au ya chini kabisa ya chini?”

Hiyo yenye moyo mpana ndiyo niliyoitaka, Chechi, ngoja nikueleze, najua huko hamna wa kukueleza. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa sawasawa na filamu aliyokuwa akiitumia baba yetu Appachan. Kamera ndogo zina kipande cha ukubwa wa kucha, gizani zinatoa picha yenye chenga kama mchele mbovu. Hii inakunywa mwanga hata wa mshumaa. Na kwa kuwa haina kile kioo kinachoruka juu na kushuka, ukitaka inapiga bila sauti yoyote. Kijana alinipiga picha usoni, nikabaki nasubiri aanze, kumbe ameshamaliza. Ukichungulia kwenye tundu lake unaiona picha kama itakavyotoka, hata kabla hujaipiga. Na ina kidude kinachotafuta jicho la mtu, kinaliwekea kisanduku, mtu akisogea nacho kinasogea.

Kasoro zake ninazo kichwani, maana ya chini ni ya chini tu. Kadi inaingia moja, ikiharibika umekwisha. Betri inakata roho kabla ya padre kumaliza mahubiri. Ukiipigisha mfululizo inapumua kama mimi nikipanda ngazi. Mwili wake ni mwepesi, naogopa hata kuuminya. Lakini shingo yangu inaishukuru.

Nimeijaribu kwenye msiba wa Aleyamma, mke wa Ittira. Kisanduku cha macho kikapita kwa wafiwa wote kimoja kimoja, kisha kikarukia ukutani, kikamng’ang’ania Mtakatifu Antoni. Nikasogea, kikarudi kwake tena. Watu wote pale wanalia, na kamera yangu imeamua kumpiga mtakatifu! Ila jambo moja lilinishika. Marehemu haikumwona kabisa. Macho yaliyofumbwa haiyahesabu.

Nilirudi nikamsimulia Ammachi nikidhani atacheka. Hakucheka. “Basi nipige nikiwa nimeyafumbua,” akasema. “Mwambie Thresiamma mvua inakwisha Septemba.”

Tupe tarehe.

Mdogo wako,
Varkey


Monasteri, 4 Oktoba 2023

Varkey mpendwa,

Amani ya Kristo. Tumshukuru Mungu kwa sikukuu ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Baridi imeanza, tumevaa soksi mbili mbili. Nilisoma habari ya Mtakatifu Antoni nikacheka wakati wa kimya, ikabidi niombe msamaha mbele ya wote.

Kamera yako ni nzuri. Nimefurahi kwa ajili ya shingo yako.

Kuhusu tarehe, nimefikiri sana. Oktoba tuna mafungo. Novemba Mama Mkuu anasafiri. Kisha Majilio yanaingia, na kama ujuavyo katika Majilio hatuandiki barua wala hatupokei wageni. Ni heri tungoje mwaka mpya. Na hata hapo, sidhani kama inafaa Ammachi apandishwe huku. Ni safari ya kutwa nzima, na hewa ya huku juu si ya kifua cha mzee. Unaweza kunipiga mimi peke yangu, ukaja mwenyewe tu.

Mbusu Ammachi mikono.

Dada yako katika Kristo,
Sista Perpetua


Pala, 14 Januari 2024

Chechi,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya. Lissy hajambo. Anju alikuja Krismasi, amesharudi. Pilipili manga tumevuna kidogo, ukungu umeila.

Sikukuandikia mapema kwa sababu mlikuwa kwenye Majilio, halafu sikukuandikia kwa sababu ya hasira. Nilitaka zipoe kwanza. Hazijapoa.

Wiki moja kabla ya Krismasi Ammachi alilazwa. Miguu niliyokuambia haikuwa miguu tu, umeshinda. Ni moyo, umechoka kusukuma, maji yanajaa kifuani. Amerudi nyumbani, tumemwekea kitanda sebuleni karibu na dirisha, analala ameegemea mito kama aliye kwenye kiti cha basi. Daktari nilipomtajia milima alinitazama kama mwendawazimu. Kwa hiyo huko hafiki tena.

Padre Chacko alimletea komunyo. Nilimsindikiza mpaka pikipiki yake, nikamwambia kuhusu picha, na kwamba sasa imeshindikana kwa kuwa wewe hutoki. Akavua helmeti.

“Nani kakwambia hatoki?”

“Padre, dada yangu yuko ndani ya ugo tangu nikiwa kijana.”

“Zamani, sawa. Siku hizi mzazi akiwa hoi sista anaweza kuomba ruhusa, akaja akarudi. Tena huyo Mama Mkuu wao ni mtu mwelewa. Kwani dada yako hakukuambia?”

Nilisimama pale njiani na jua lote lile kichwani.

Chechi, ulijua? Ulinipa Oktoba na mafungo yake, Novemba na safari zake, ukanipa soksi mbili mbili, na muda wote huo ulikuwa na mlango wa kubisha. Mimi nimehangaika na kamera isiyo na sauti ili nisimkere Mama Mkuu. Mama yako anakaa dirishani anauliza kama barua imekuja. Najibu posta za milimani ni mbovu. Mimi nawasingizia watu wa posta!

Sema chochote. Sema hutaki. Lakini usiniletee tena habari za hali ya hewa.

Varkey


Monasteri, 5 Februari 2024

Varkey wangu,

Salamu zako nimezipata na hasira yako pia, na vyote nimestahili.

Nilijua. Mama Mkuu mwenyewe aliniambia mwezi ule wa Julai, siku ileile alipokubali picha. Alisema, “Ukitaka kwenda, niombe.” Sikuomba. Tangu wakati huo kila nikikutana naye ukumbini ananitazama, nami nainamisha kichwa.

Nitakuandikia mara moja tu, kisha usinirudishe kwenye jambo hili. Nilipoingia huku nilidhani uchovu ni kitu cha watu wa nje, wenye watoto na mashamba. Sasa naamka kabla ya kengele na kumwambia Mungu ndiyo, kama nilivyofanya tangu siku ya kwanza, na kila mwaka neno hilo linanitoka kwa shida zaidi. Simchukii mtu. Sijaacha kuamini. Nimechoka tu, vile unavyochoka wewe na maiti zako, ila wewe ukishuka kwenye kiti unakwenda nyumbani kwa Lissy.

Nikitoka langoni, nikamwona Ammachi, nikamlisha uji kwa mkono wangu, nikasikia mvua juu ya bati lile la jikoni, nani atanirudisha? Najijua. Nitasema nakaa wiki moja, mpaka apate nafuu. Kisha nitasema mpaka azikwe. Kisha sitasema kitu. Naogopa, Varkey. Umri huu wote, na naogopa nyumba yetu.

Na nisipokuja naye akaenda bila kuniona, sijui nitaamkaje siku ya pili yake. Kwa hiyo sijui la kufanya, na ndiyo maana nimekuandikia hali ya hewa.

Kwaresima inaanza wiki ijayo. Barua zitasimama mpaka Pasaka. Ukitaka kunijibu, jibu upesi.

Thresiamma


Pala, 9 Februari 2024

Chechi,

Naituma kwa kijana wa vifurushi ili ikuwahi. Salamu utajisomea mwenyewe kwenye zile za zamani.

Samahani kwa maneno yangu. Sikujua. Nilidhani wewe huko juu umeshapumzika kwa niaba yetu sote.

Sitakuficha tena. Ammachi hana muda. Anavaa vizuri kila Jumapili na anaongea sana, lakini vidole vyake ni vya rangi ya zambarau na usingizini anapumua kama anayepanda mlima.

Njoo siku moja tu. Sista Benigna aje nawe, asibanduke kwako hata hatua. Gari nitalikodi mimi, litasubiri barabarani mpaka uondoke, na dereva nitamwambia apige honi muda ukifika. Naahidi mbele ya picha ya Appachan, sitakuomba ukae, wala Lissy hatakuomba. Neno hilo hutalisikia mdomoni mwangu. Tutapiga picha, utakula muhogo na samaki, utakwenda.

Ukiwa umechoka, mimi nitakubeba mpaka kwenye gari. Shingo yangu imepona.

Varkey


Monasteri, 15 Aprili 2024

Varkey mpendwa,

Kristo amefufuka! Heri ya Pasaka kwako, Lissy, na Anju huko aliko. Huku maua ya zambarau yamechanua kando ya ukuta, na Sista Skolastika amevunjika mkono akichuma pera, umri wake wote ule juu ya mti. Tunamfanyia zamu.

Nilikuja nyumbani na nimerudi huku, kama ulivyoona kwa macho yako. Sikuweza kukuandikia kabla ya Pasaka, na pengine ilikuwa vizuri, kwa sababu siku za kwanza nilikuwa nikilia bila mpango, kwenye vitunguu, kwenye zaburi, popote.

Mwambie Lissy samaki wake nimemsimulia kila sista mpaka wamenichoka. Na mwambie asante kwa kumtengeneza Ammachi. Nilipoingia sikumtambua kwa udogo wake, lakini zile nguo nyeupe zilikuwa na wanga, mikunjo ya nyuma imefunguka kama upepeo, na ile pini ya dhahabu iko begani. Aliniangalia akasema, “Umezeeka.” Nikasema, “Ndiyo, Ammachi.” Akasema, “Kaa hapa, taa isikupige kwenye miwani.” Mke wa mpiga picha ni mke wa mpiga picha.

Nataka kukuuliza kitu. Kwa nini picha moja ilichukua muda mrefu vile? Kwenye barua uliisifu kamera yako kwa wepesi. Tulikaa pale pembeni ya kitanda, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, amekaza shingo, na kila mara anakuuliza, “Umepiga?” Nawe unasema, “Bado, Ammachi.” Ukazima taa ya ukutani kwa kuwa ilikuwa inaweka mistari pichani, ukafungua dirisha. “Umepiga?” “Bado.” Ukasogea upande wa mlango. “Bado.” Sista Benigna alikuwa anaangalia saa, dereva alipiga honi, akapiga tena, na mdogo wangu amefumba jicho moja na kusema bado. Nilidhani imeharibika na unaona aibu.

Nakuuliza kwa sababu ya yale aliyoniambia. Hukuyasikia. Aliyasema bila kusogeza midomo, ili asiharibu picha, nami nikamjibu vilevile, tunatazama kamera kama wezi waliokamatwa.

Aliuliza, “Chakula kinatosha huko?”

Nikasema kinatosha.

“Uliogopa kuja.”

Nikasema ndiyo.

“Uliogopa utabaki.”

Akaniminya mkono.

“Utabakia wapi? Chumba chako Lissy ameweka mashine ya kufulia.” Kisha nikahisi anatafuta pumzi. “Mimi nimeshakuona. Nimetosheka. Wewe nenda kapumzike kwa Mungu wako, na ukichoka mwambie yeye, usimfiche kama unavyotuficha sisi. Angalia kamera.”

Uchovu wangu haujaondoka, Varkey. Naamka nao. Lakini siuogopi tena, na Mama Mkuu nimemweleza, na ameniondolea zamu ya alfajiri mpaka Pentekoste. Kama ungepiga haraka, kama ulivyozoea kwenye misiba, tungeamkiana tu na kuagana.

Picha ilitoka? Sitaweza kukaa nayo chumbani, lakini Mama Mkuu amesema unaweza kuituma niione siku moja, kisha iwekwe ofisini.

Dada yako,
Sista Perpetua


Pala, 2 Juni 2024

Mpendwa Chechi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua zimekuja mapema. Lissy anakusalimu, tangu tuzike anafua hata vilivyo safi. Anju alifika kwa maziko, amepata likizo ndefu kidogo, analala kwenye kitanda cha Ammachi pale dirishani. Pole, Chechi. Walikuambia kwa simu, najua, lakini nami nataka kukuambia kwa mkono wangu: Ammachi alikwenda baada ya kunywa chai, hakuhangaika, Lissy alikuwa anamchana nywele.

Picha za msiba sikupiga. Nilimwita kijana wa studio ya jirani, akapanda kwenye kiti changu, akatupanga. Alikuwa na mwanga mkali na kelele, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanaopangwa kwa mara ya kwanza. Aliniambia nisogee kichwani. Nikasogea. Ni kazi ngumu kusimama pale, Chechi. Nimewafokea watu miaka yote hii na sikujua.

Picha yenu imo ndani ya bahasha hii. Utaona mwenyewe.

Sasa swali lako. Wewe hukuwa studio siku nyingi, lakini Ammachi ndiye aliyekuwa mtu wa kujaribiwa wa Appachan tangu walipooana. Akitaka kupima mwanga anamkalisha yeye. Na Appachan alikuwa mkali: usipumue, usipepese, usiachie, mpaka usikie kile kishindo cha kamera. Akafundishika hivyo mpaka mwisho. Mbele ya kamera anaganda, na kishindo kikilia ndipo anashusha mabega na kuinuka kwenda jikoni.

Kamera hii nilikuwa nimeifunga sauti kwa ajili ya chumba chenu cha maongezi, na sikuirudisha. Siku ile mlipokaa nilipiga moja. Ilikuwa na mistari ya taa. Nikazima taa, nikafungua dirisha, nikapiga ya pili, na hiyo ndiyo uliyoishika. Macho yenu yote manne yamo, mwanga umelala shavuni, hakuna cha kuongeza. Kazi ilikwisha pale pale. Nikashusha kamera nitoe habari, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza, “Umepiga?”

Hakusikia kitu, kwa hiyo alikuwa bado amekushika. Niliona vidole vyake vile vya zambarau juu ya mkono wako. Nikaona kwamba nikisema ndiyo atashusha mabega na kukuachia, wewe utasimama, Sista Benigna atachukua mfuko, na gari nililolikodi mwenyewe liko nje.

Nikasema bado.

Baada ya hapo sikupiga tena, Chechi. Nilisogea mlangoni, nikasogea dirishani, nikafumba jicho, nikazungusha vitu visivyo na kazi. Nilikuwa nawatazama tu kwenye lile tundu. Niliona midomo yenu haisogei na nikajua mnaongea, kwa sababu mlianza kulia wote wawili mkiwa mmekaza shingo. Dereva akapiga honi, nikasema bado. Ahadi yangu sikuivunja. Sikukuomba ukae.

Mpaka mwisho wake Ammachi aliwasimulia waliokuja kumwona kwamba mimi ni fundi mzito, picha moja tu ilinishinda, nilitoa jasho mbele ya masista. Nilipomletea iliyosafishwa aliiweka karibu kabisa na macho, akaitazama muda mrefu, akakubali kwamba ni nzuri.

“Ila baba yako,” akasema, “angemaliza mara moja.”

Nikamwambia ni kweli, Ammachi, Appachan alikuwa fundi kuliko mimi. Amekwenda akiamini hivyo, na huko aliko mtu asimwambie vingine.

Mdogo wako,
Varkey